Neno Kuu Halijibiwi

Nchi ya Kambuvara msiitafute kwenye ramani, mtachosha macho bure. Atakayesema inafanana na nchi ya Wakhmeri na mahekalu yao ya mawe, na kwamba habari zake zinafanana na habari za Watamil waliovuka bahari enzi hizo na miungu yao, herufi zao na patasi zao, mimi sitabishana naye. Nitasimulia kama nilivyosimuliwa, na pale nitakaposhikwa na hasira mtanivumilia, maana hii si habari ya kuisimulia mtu ukiwa umetulia tuli.

Aliyefika huko ni mwanamke wa Kitamil aitwaye Nangai, wa kijiji cha wachonga mawe. Alikuwa na miaka thelathini na mitano. Baba yake, fundi Ponnan, alichukuliwa yeye akiwa na miaka saba, pamoja na mafundi wengine kumi na wawili, kwenda kumjengea mfalme wa Kambuvara hekalu. Ilisemwa ni kazi ya miaka mitatu. Wenzake waliopona homa walirudi mmoja mmoja, na kwao Nangai alijifunza lugha ya nchi ile. Ponnan hakurudi, na hakuna aliyeweza kueleza sawasawa kwa nini. Walisema tu, "Yu hai, lakini wamempenda kupita kiasi." Mama yake Nangai alingoja miaka ishirini na minne, kisha akafa. Nangai akakaa miaka minne mingine peke yake na lile swali, hadi siku moja akafunga nyumba akaondoka. Alitaka kumrudisha baba yake nyumbani. Ikishindikana, basi mzee ajue walau kwamba mwanawe alikuja.

Safari yenyewe nitairuka. Kila aliyesafiri majini anajua kutapika, hakuna haja ya kufundishana.

Mji mkuu wa Kambuvara una lango la mawe, na juu ya lango yamechorwa maneno kwa herufi za kwao Nangai, kila herufi ndefu kuliko mtu, zimepakwa dhahabu. Watu waliopita chini yake walipiga magoti wakagusa ardhi kwa paji la uso. Nangai akayasoma. Akayasoma tena, akidhani jua limemchanganya. Yaliandikwa: *Mguu unauma.*

Akamwendea askari wa lango. "Samahani bwana, nani aliyeandika pale juu kwamba mguu unauma?"

Askari akageuka huku na huku kama aliyesikia tusi. "Mama, punguza sauti! Wewe unasoma yale, au unaelewa?"

"Vyote viwili."

"Kusoma ruhusa," akasema askari, akimshika kiwiko kwa adabu. "Kuelewa ni mambo ya ofisini. Twende."

Ofisi yenyewe iliitwa Idara ya Matamshi, jengo zuri lenye bwawa la mayungiyungi mbele. Mkuu wake alikuwa mzee mpole mwenye sauti laini, amevaa hariri, na jina lake la cheo lilikuwa Waziri Tayir. Nangai alilisikia jina hilo akauma mdomo, kwa sababu kwao tayir ni maziwa mgando. Karani aliyekuwa akiandika pembeni alikuwa Bwana Uppu, yaani Bwana Chumvi. Baadaye aligundua kwamba wakubwa wote wa nchi ile huchukua majina namna hiyo, na kwamba gavana wa mashariki, mtu wa kuogopwa, anaitwa Kitunguu na hajui.

Waziri alimkaribisha, akamkalisha kwenye mkeka mzuri, akamweleza sheria bila haraka. Mahekalu yao, alisema, miungu yao, herufi zao, hata namna ya kumtawaza mfalme, vyote vililetwa kutoka ng'ambo kwa lugha ile. Kwa hiyo kila neno la lugha ile ni Neno Kuu, na Neno Kuu haliwezi kutumiwa kuagizia mboga. Mafundi walipomaliza hekalu na kuanza kurudi kwao, babu yake mfalme wa sasa aliogopa kwamba lugha itaondoka nao. Akambakiza mmoja. Huyo anaitwa Kinywa. Anakaa kwenye sakafu ya tatu ya hekalu, na kila asubuhi lolote analosema huandikwa, hutungiwa sauti, huimbwa, na likionekana zito huchongwa kwenye jiwe.

"Na nani anazungumza naye?" Nangai akauliza.

"Hakuna," akasema Waziri, akishangaa swali. "Neno Kuu halijibiwi. Hurudiwa. Ukilijibu unalifanya maongezi, na maongezi hata muuza samaki wa sokoni yanamhusu."

"Na akiomba maji?" Neno la mwisho lilimtoka kwa Kitamil.

Uso wa Waziri ukang'aa. "Maji! Wewe umelisikia huko kwenu? Hilo ndilo neno letu la kutawazia wafalme. Alilisema mwaka wa kwanza, mwezi wa joto, mara tisa mfululizo, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Watu mia nne huliimba. Mimi mpaka leo hunitoa machozi."

"Alipewa?"

"Alipewa nini?"

"Maji, bwana. Alipewa maji?"

Waziri akamtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni asiyejua adabu za meza. "Maji hupewa saa ya maji," akasema.

Hapo Nangai akasema kwamba huyo Kinywa ni baba yake, Ponnan, na kwamba amekuja kumchukua. Bwana Uppu akaacha kuandika. Waziri hakukasirika hata kidogo, na nadhani ingekuwa nafuu kama angekasirika. Alisema kuna utaratibu. Anayedai kuwa wa damu ya Neno Kuu hupimwa matamshi. Wakaja wazee watatu na kengele ya shaba, wakakaa wakafumba macho, wakamwambia aseme neno la kwao lenye maana ya nyumba, kisha mvua, kisha njoo.

Nangai akayasema kama alivyoyasema maisha yake yote. Wazee wakagonga kengele, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa. Alipata kumi na moja kati ya arobaini.

"Sikulaumu, binti yangu," akasema Waziri Tayir, na kweli alikuwa anasikitika. "Huko mlikobaki mmeiharibu lugha. Mnaisema kila siku, kwa kila kitu, mnagombana nayo, mnaombea chumvi. Itabakije? Sisi tumeitunza." Akamsomea na kifungu cha mwisho cha sheria, ili asije akasema hakuambiwa: anayelijibu Neno Kuu hutolewa nchini siku hiyo hiyo, na Kinywa hupandishwa kwenye mnara wa juu kabisa, mahali ambapo hakuna atakayemchafua tena.

Jamani, mtu umesafiri miezi, unafika unaambiwa lugha ya mama yako huijui. Nangai alitoka pale akakaa kando ya bwawa, akalia hadi kilio kikamwisha.

Aliyemwokota hapo ni mjane mmoja aitwaye Kesor, mfuaji wa mavazi ya kwaya ya hekalu. Kazi yake ilimwinamisha mgongo lakini ulimi haukumwinama. Alimwona mgeni analia, akatua kapu lake la nguo mbichi, akasema, "Mwanangu, ukilia hapo utawasumbua samaki wa Waziri. Njoo ulie kwangu." Akampeleka nyumbani kwake, kibanda cha nguzo juu ya maji, akampa wali na samaki wa kukaushwa.

Alipokuwa akipakua, Kesor akawa anaimba kidogo kidogo, kama watu wanavyoimba mikono ikiwa kazini. Nangai akaacha kutafuna. Wimbo ulikuwa kwa Kitamil, na maneno yake yalikuwa: *Nangai, Nangai, njoo ule.*

"Mama, wimbo huo umeupata wapi?"

"Huu? Huu ni wa harusi. Kinywa aliutoa mwaka aliougua homa, aliurudia siku tatu usiku na mchana. Hata mimi niliimbiwa." Kesor akacheka. "Usiniulize maana yake. Tunajua tu ni neno tamu."

"Ni jina," akasema Nangai. "Ni mimi."

Kesor akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaweka upawa chini, akamsogezea samaki wake mwenyewe. Wakala wote wawili hadi chungu kikabaki kitupu.

Siku iliyofuata Kesor akampeleka akasikilize Baraza, ili ajue anapambana na watu gani. Baraza la Sauti hukaa uwanjani, na kwa muda wa miezi sita lilikuwa na hoja moja tu. Kinywa alikuwa amepata kikohozi. Upande mmoja ukasema kikohozi kimetoka katika mdomo ule ule, kwa hiyo ni Neno, kiandikwe na kiimbwe. Upande wa pili ukasema kikohozi ni pumzi tu, kukiimba ni kufuru. Waliitana majina, walirushiana vibuyu. Upande wa kwanza ulikuwa na mtaalamu aliyepima urefu wa kila kikohozi, akaonyesha kwamba mwezi huu ni virefu kuliko mwezi uliopita, na vinakuja kwa makundi ya saba, jambo ambalo haliwezi kuwa la bahati. Watu wakapiga makofi. Tabibu mmoja akainuka, akasema huenda apewe dawa. Akaulizwa yeye ni wa upande gani. Akajikuna shingo, akakaa.

"Anatoa damu," Kesor akamnong'oneza Nangai. "Nguo zake nafua mimi. Naziona."

Nangai akasimama pale uwanjani akitaka kupiga kelele, na Kesor akamshika mkono kwa nguvu. Wakarudi nyumbani wakakaa mlangoni, na mjane akamwambia mawazo yake.

"Sikiliza, mwanangu. Ukienda kama mtoto wake, hawakufungulii, wamekwisha kukupima. Nenda kama mjinga. Kwaya inatafuta watu. Wanamtaka mtu ambaye sikio lake ni safi, yaani hajui hata neno moja maana yake. Hao ndio wanaosimama mbele yake kila asubuhi."

"Lakini mimi lugha ni yangu, mama. Nitajifanyaje siijui?"

"Utajifunza. Wewe si ulipata kumi na moja? Punguza tu kidogo."

Nangai akacheka bila kutaka. Kisha Kesor akamuuliza kama atamwambia mzee habari ya mama yake, na kicheko kikamtoka usoni.

"Hapana. Mtu anakohoa damu, mimi nimwongezee hilo? Nitamwambia nimekuja. Hilo la Amma nitalimeza mpaka tufike nyumbani." Amma ndivyo wanavyomwita mama kwao, na baba ni Appa. Nawaambieni mapema kwa sababu mtayasikia.

Basi akaingia kwenye darasa la kwaya. Mwezi mzima. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke mkali mwenye fimbo nyembamba ambayo hakumpigia mtu, aliipeperusha tu. Walifundishwa maneno ambayo Kinywa amewahi kuyasema, moja baada ya jingine, kwa sauti nne. *Leo kuna ukungu.* *Nani amehamisha fimbo yangu?* *Nataka kwenda nyumbani.* Hili la mwisho lilikuwa wimbo mkuu wa sikukuu ya mavuno, lenye madaha mengi na mruko wa sauti mwishoni, na ndilo lililomtesa Nangai kuliko yote. Kila akifika kwenye neno *nyumbani* sauti ilimtetemeka.

"Wewe wa mwisho upande wa kulia," mwalimu akasema. "Sauti nzuri, lakini uso unaingilia. Unaimba kama mtu anayetaka kitu. Acha kutaka."

Nangai akarudia.

"Bado unataka."

Alirudia siku kumi na tisa. Alikuwa akienda kwa Kesor jioni akiwa amechoka kuliko aliyebeba mawe, maana kazi yake ilikuwa kulitoa kila neno roho, neno alilofundishwa akiwa mgongoni mwa mama yake, kulifanya liwe sauti tupu. Siku ya ishirini alisema *nataka kwenda nyumbani* kwa sauti nne na mruko, na hakuhisi chochote. Mwalimu akafumba macho kwa furaha. Alipimwa tena na wazee wale wale wa kengele, ambao hawakumtambua kwa vazi la kwaya. Akapata thelathini na nane. Waziri Tayir mwenyewe alikuja kumpongeza, naye pia hakumtambua, au pengine alimtambua akaona aibu, mtu mwema kama yule. Nangai alisema asante, akaenda nyuma ya jengo akajisemesha kwa Kitamil, pole pole, akiogopa kwamba maneno hayatarudi. Yalirudi, lakini hayakurudi yote siku hiyo.

Asubuhi ya kwanza kupanda hekaluni ilikuwa ya ukungu. Kwaya ya watu arobaini walipanda ngazi za mawe wakiwa wawili wawili. Pande zote za ukuta yalichongwa maneno ya baba yake, na Nangai akayasoma akipita, hakuna namna ya kutosoma. Yalikuwa maisha ya mtu, ya zaidi ya miaka ishirini. *Wali huu haujaiva. Mvua imeanza. Nimeota kisima chetu. Kuna mtu?* Lile la *kuna mtu* lilikuwa limechongwa mara nyingi kuliko mengine, ngazi baada ya ngazi, kila moja limezungushiwa maua ya mawe ya kupendeza.

Kwenye sakafu ya tatu alikaa mzee mdogo, mkavu, juu ya kiti cha jiwe chenye mito. Macho yake yalikuwa meupe kwa mtoto wa jicho. Mikono ilikuwa bado ya fundi, mikubwa kuliko mwili. Nangai aliitambua mikono. Waziri Tayir alisimama upande mmoja, Bwana Uppu upande wa pili na kalamu yake, na askari wawili chini ya ngazi.

Mzee akakohoa. Bwana Uppu akasita, kalamu juu, maana Baraza lilikuwa halijakata shauri.

"Kuna mtu?" mzee akasema.

"Kuna mtu?" kwaya ikaimba, sauti nne, tamu hata huwezi kuamini.

Mzee akatikisa kichwa. Inaonekana alikwisha kuacha kungoja zamani sana, alisema tu kama mtu anavyojikuna. "Leo kuna ukungu. Nausikia puani."

"Leo kuna ukungu. Nausikia puani."

Nangai akatoka mstarini. Hakupanga kutoka wakati ule, alikuwa amepanga angoje siku ya pili au ya tatu, ajue mahali askari wanapopunguza macho. Miguu ilikwenda yenyewe. Akapiga magoti mbele ya kiti, akasema kwa Kitamil cha nyumbani, kile cha alama kumi na moja: "Appa. Ni mimi. Ni Nangai."

Na kwaya, ambayo imefunzwa kurudia kila neno la lugha ile linalosikika pale juu, ikaimba: "Appa. Ni mimi. Ni Nangai."

Waziri akashtuka. Alimwangalia Nangai, akamwangalia karani. Kwa sekunde chache hakujua kama sheria imevunjwa au mwimbaji ametangulia kidogo, na hizo ndizo sekunde alizopata Nangai.

Mzee akatabasamu kwa uchungu. "Wamelijua na hilo sasa," akasema. "Nilikosea kulitaja jina la mtoto. Sasa wanalo, watalichezea mpaka waliue."

"Si wao, Appa, ni mimi. Mwanao. Nimekuja kukuchukua. Nyumba yetu ni ya pili kutoka kisimani. Mkwaju uko nyuma. Jina la Amma ni Valli."

Kwaya ikayaimba yote. Kisima, mkwaju, Valli. Hawakukosea hata moja, kwa sababu hayo yote walikuwa wanayajua. Mzee alikwisha kuyasema kila moja miaka ile ya mwanzo, alipokuwa bado anadhani kuna mtu atamsikia, na yote yalikwisha kuwa nyimbo. Hapo ndipo Nangai alipoelewa alichofanyiwa. Kila kitu ambacho angeweza kukitaja ili baba yake amjue, watu hawa walikuwa nacho, na walikisema vizuri kuliko yeye.

"Mnaimba vizuri leo," mzee akasema. Kisha akalisema lile ambalo, Nangai alijua kutoka darasani, hulisema kila asubuhi kabla ya kunyamaza, wimbo wa kufungia ibada. "Na mama yako, hajambo?"

"Na mama yako, hajambo?" ikaimba kwaya, kwa upole, kama wanavyobembeleza mtoto.

Waziri alikuwa amekwisha kuinua mkono kuwaita askari. Nangai aliwasikia wakianza kupanda. Baba yake alikuwa ameegemea, macho meupe yametazama ukungu, amemaliza ya leo. Kesho angekuwa mnarani. Yeye angekuwa majini, na mzee angekufa akiamini kwamba siku ile pia waliimba tu.

Akaona kwamba limebaki neno moja ambalo kwaya haiwezi kuwa nalo, kwa sababu mzee mwenyewe hana. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani akiapa hatalisema. Moyo ulimkataa. Akamshika baba yake magoti.

"Amekufa, Appa," akasema. "Amma amekufa."

"Amekufa, Appa," ikaimba kwaya. "Amma amekufa." Na kwa kuwa lilikuwa neno jipya, walilitafutia sauti papo hapo, na sauti ya tatu ikapata mahali pazuri sana pa kushukia.

Mzee hakutabasamu. Mikono yake ikaacha mito. "Hilo sikulisema mimi," akasema pole pole. "Hilo sijawahi kulisema." Akainama mbele, akanyoosha mkono, ukamgusa Nangai usoni, ukapita kwenye paji, kwenye pua, ukasimama kwenye mashavu yaliyolowa. "Lini?"

Zaidi ya miaka ishirini juu ya kiti kile, na hilo ndilo swali la kwanza aliloliuliza kisha akatega sikio.

"Lini?" ikaimba kwaya.

"Nyamazeni!" mzee akasema, kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba bado anayo. "Nyamazeni, mwanangu anazungumza!"

Kwaya ikavuta pumzi. Watu arobaini, waliofunzwa vizuri kuliko watu wote wa nchi ile, wakafungua vinywa: "Nyamazeni! Nyamazeni, mwanangu anazungumza!" Sauti ya kwanza ikaanza, ya pili ikadakia, mawe yakarudisha, wakalirudia mara tatu kama inavyotakiwa kwa neno zito, na Nangai alikuwa akisema, midomo ilikuwa ikicheza, lakini baba yake hakusikia hata neno. Waziri Tayir alikuwa analia kwa uzuri wa wimbo ule.

Nangai akasimama, akakishika kichwa cha baba yake, akaweka mdomo sikioni. Akamwambia hapo. Miaka minne sasa, mwezi wa kuvuna, asubuhi, alikuwa amekaa mlangoni anachagua mchele. Hakuumwa muda mrefu. Mwili wake ulichomwa vizuri kwa desturi yetu, majirani walikuja wote. Alikuwa anakutaja. Aliyasema kwa mnong'ono, na kwaya, iliyokuwa imemaliza kuimba, ikainama mbele kusikiliza, haikupata kitu cha kurudia.

Mzee aliitikia kwa kichwa kila neno, kama anavyoitikia mtu anayepewa habari. Alipomaliza kusikiliza akamvuta mwanawe kwa mikono yote miwili, akaweka na yeye mdomo sikioni mwake, akasema maneno machache. Kisha askari wakafika.

Sheria ilifuatwa. Nangai alishushwa hadi mtoni siku hiyo hiyo, na Ponnan akapandishwa mnara wa juu, ambako alikufa siku ya tano. Kesor ndiye aliyefua nguo zake za mwisho. Lakini kabla Nangai hajaingia chomboni, Waziri Tayir mwenyewe alimfuata ukingoni akikimbia, hariri imejaa matope, na Bwana Uppu nyuma yake na kalamu. Alimwomba, akampigia magoti, mzee mzima. Alisema hilo alilonong'onezwa ndilo Neno pekee la Kinywa ambalo nchi nzima haina. Alisema wataliandika juu ya lango jipya. Alisema hata maana yake hataki kuijua, sauti tu inatosha.

"Bwana," Nangai akamwambia, "yalikuwa mazungumzo."

Mliotaka kujua mzee alisema nini, mtanisamehe. Nangai aliishi kwao hadi alipozeeka, akaulizwa na wengi, hakumwambia mtu. Hakuna aliyeyaimba maneno hayo, na mimi nitayapata wapi?